Mrejesho: Steki ya kuchoma na sosi ya kotimiri

Ndugu zangu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini steki ninayochoma nyumbani hapa Kigoma hutoka kavu na ngumu, nanyi mkanishauri ninunue sarara (nyama laini ya mgongoni), niipake chumvi mapema na nisiiweke jikoni mpaka mkaa ufunikwe na majivu meupe. Jana nilichoma vipande vya unene wa sentimita 3 kwa dakika 4 kila upande, nikaviacha vitulie dakika 5, na maji ya nyama hayakumwagika kwenye kibao kama zamani. Kotimiri, kitunguu saumu, pilipili na ndimu nilivitwanga kinuni, kwa kuwa umeme ulikatika. Mawese niliyaacha, maana yangefunika harufu ya majani. Mama mkwe pekee, asiyependa nyama yenye wekundu, alikirudisha kipande chake motoni.