Wabunifu majengo, chama cha kanda kinasaidia nini ukipata kazi nchi ya jirani?

Mchora Vibaraza
Wakuu poleni na majukumu. Mimi mbunifu majengo, nimemaliza Chuo Kikuu Ardhi, nikasota ofisi ya mtu hapa Mwanza miaka ya kutosha mpaka mwaka jana AQRB, bodi ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, wakanisajili. Sasa kuna mzee mmoja wa Bukoba nilimchorea nyumba ya kuishi akaipenda, kumbe ana kiwanja Ntinda, Kampala, anataka apartimenti ghorofa tatu na anataka mimi, hataki mtu mwingine. Kuna jamaa yuko Kampala kaniambia we chora tu, yeye ana muhuri wa mbunifu aliyesajiliwa kule atagonga nimtoe kidogo. Mwingine anasema niingie AAT, chama cha wabunifu majengo Tanzania, kwanza maana kupitia chama natambulika Afrika Mashariki nzima, kuna kitu kinaitwa East Africa Institute of Architects. Chama sijawahi kujiunga, ada ya bodi yenyewe nalipa kwa kuungaunga. Hiki cha kanda kina msaada au ni kula ada tu? Mzee anataka jibu wiki ijayo.

Kokoto Nne
Chama ni chai na sambusa mkuu. Mi nililipa ada sehemu (sitaji), nikaambulia mkoba wa semina na kalamu isiyoandika. Gonga muhuri wa jamaa ule hela.

Mama Skwea
Kokoto usimpoteze mtoto wa watu.

Mwanangu, tofautisha bodi na chama. AQRB ipo kwa sheria, kazi yake kumlinda huyo mzee asije akaumizwa na wewe. Chama ni chenu wenyewe, ndicho kinachokusemea wewe, mambo ya ada za kazi, mikataba, sheria ikibadilishwa. Na kile cha kanda ni muungano wa vyama vya nchi, huwezi kuiruka AAT ukaenda kugonga hodi kule peke yako. Soko la pamoja la Afrika Mashariki limeanza 2010, mwaka uliofuata yakasainiwa makubaliano ya kutambuana kwa wabunifu majengo, na mambo kama yale hayaji yenyewe, lazima watu wa fani wakae mezani wabishane nani anahesabika amesoma na nani hajasoma. Ila usidanganywe kwamba kadi ya chama ni pasipoti. Kampala wana bodi yao, unaomba usajili kwao, wakikukubali ndo unafanya kazi.

Huo muhuri wa kukodi sasa. Anayegonga ndiye mbunifu kwenye faili. Mzee akikataa kukulipa utamshtaki kama nani?

Mbao Mbili NBO
Hamjambo, mimi niko Nairobi. Chama chetu cha Kenya, AAK, ni cha tangu 1967, na si wabunifu majengo peke yao, mna wakadiriaji majenzi, wapangaji miji, mainjinia, na kabla ya hapo kulikuwa na chombo kimoja cha Afrika Mashariki, kwa hivyo hili jambo la kanda si geni. Mimi nilipata kazi Kigali nikaingia na ofisi ya huko iliyosajiliwa, tukaandikishana, ubunifu wangu, kibali na usimamizi wa site wao, na jina la kila mmoja liko kwa michoro. Mwenye hiyo ofisi nilijuana naye kwenye mkutano wa chama, tena wakati wa chai, hiyo hiyo Kokoto anayoicheka 😂

Mchora Vibaraza
Mkuu mligawanaje malipo?

Mbao Mbili NBO
Wao walichukua kubwa kuliko nilivyotaka, sikufichi. Lakini fikiria mwenyewe, zege linamwagwa Jumanne na wewe uko Mwanza, nani atasimama pale? Na injinia wa miundo mtafute wa huko huko.

Kokoto Nne
Basi la mpakani Mutukula kila wiki, utajua hujui.

Mama Skwea
Waandikie Uganda Society of Architects, ndio wenzao na AAT, waulize ofisi zinazopokea kazi za ubia. Kama umeshaingia AAT, chama kikuandikie barua ya utambulisho, inaongeza uzito. Na mzee mwambie ukweli kwamba itachukua muda.

Mchora Vibaraza
Asante mama. Nimempigia yule jamaa wa muhuri nikamuuliza kama yuko tayari jina lake liingie kwenye mkataba na mzee, akasema yuko kwenye kikao atanipigia. Tangu juzi kimya. Mzee naye keshanitumia picha za kiwanja, kina mteremko huo si mchezo, nimeshaanza kuuchora ingawa sijui nauchora kwa niaba ya nani.