Nairobi na Hell's Gate, siku nne, elfu ishirini, watu wawili. Yawezekana?

MwanaKisauni

Habarini za jioni jamani. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 16, nilimuahidi akifanya vizuri muhula huu nitampeleka akaone Nairobi, na sasa kafanya vizuri kweli na hanipi usingizi, kila siku "dada, twaenda lini". Mwisho wa dunia yake ni Voi, na alifika kwa ajili ya matanga. Yeye ataka treni na majengo marefu. Mimi langu ni moja, nataka kuiona Hell's Gate ya Naivasha, kule watu waendesha baiskeli katikati ya punda milia.

Tuna Alhamisi mpaka Jumapili, katikati ya Agosti, na nimeweka 20,000 ya sote wawili, nauli, kulala, kula, kila kitu. Ya kuongeza sina, wallahi. Nilivyopanga ni hivi: Alhamisi SGR, ile treni ya reli mpya, ya saa tisa alasiri kutoka Mombasa, tulale tao, yaani katikati ya mji, Ijumaa tuzunguke mji, Jumamosi asubuhi Hell's Gate na jioni tupande mlima Longonot turudi Nairobi kulala, Jumapili nyumbani. Nimesikia pia kuna SGR yaenda mpaka Naivasha, naona hiyo ndiyo rahisi, ama? Na hiyo baridi ya huko ni ya kujifunga leso au ya kununua jaketi?

Msee wa Umoja

Karibu dada. Wacha nianze na hiyo treni ya Naivasha kabla hujatuma pesa. Watu huiita ya Naivasha lakini inapita Rongai, Ngong, Mai Mahiu alafu inakuacha Suswa, na Suswa hadi Naivasha mjini ni safari ingine kabisa ya gari. Nilimpeleka mke wangu nikijifanya mjanja, tukashuka pale, vumbi, mbuzi, na vijana wa boda wanatuangalia vile mtu huangalia noti imeanguka barabarani. Tulicholipa kutoka hapo kilikuwa kingi kuliko kama tungepanda tu matatu tao. Kwa hivyo treni ni ya Mombasa–Nairobi, Naivasha ni matatu, basi.

Pili, wachana na ya saa tisa. Hiyo inakufikisha Syokimau usiku, na kumbuka SGR haiingii tao, unashuka Syokimau alafu unatafuta treni ndogo ya kukuleta stesheni ya zamani, ama matatu, ama teksi ambayo usiku itakula karibu pesa ya chumba. Chukua ya saa mbili asubuhi. Nauli ni ile ile, 1,500 kila mtu daraja la chini, so kwenda na kurudi nyinyi wawili ni 6,000. Inasimama simama vituoni lakini kijana si anapenda treni? Atapita Tsavo mchana kweupe akiwa dirishani, na ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa sababu ya ule udongo, mwambie akae macho kuanzia Voi kwenda juu. Mnafika alasiri, mnaingia mji na jua bado liko.

Bukini mapema kwa *639#, Agosti shule zimefungwa na viti vinaisha. Ya kijana tumia namba ya cheti chake cha kuzaliwa. Na fikeni Miritini, stesheni yenu ya Mombasa, lisaa kabla, kuna ule ukaguzi wa mizigo kupangwa laini mbwa anapita ananusa, hapo hakuna kuharakisha mtu.

Mama Wawili South B

Jaketi, mamii. Leso utajifunika ukishavaa jaketi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na Agosti asubuhi ni mawingu tu, jua linakumbuka kazi saa sita. Usinunue mpya lakini, ukishuka nenda Gikomba ama hata pale Muthurwa, mitumba ya sweta unapata bei ya soda chache.

Kulala, nisikilize kwa hii. Dada yangu alikuja na watoto akachukua chumba tao kwa kuangalia picha kwa simu, picha nzuri, kitanda kimekunjwa shuka kama cha harusi. Kumbe chini ya kile chumba ni klabu. Kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi na moja ukuta unatetemeka, mtoto mdogo anauliza mama nani anagonga. Na ile shawa ya moto ukiigusa inakupiga shoti. Usilipie chumba hujakiona, fika na mwangaza, ingia, fungua bomba, uliza juu na chini kuna nini, ndio utoe pesa. Jaribu upande wa Ngara, ni karibu na tao na ukibahatika unapata kitu safi kwa elfu mbili ama chini kidogo.

Mjini usimburute huyo mtoto kila mahali. Kama ni treni anapenda, mpeleke Railway Museum, iko nyuma ya stesheni ya zamani, kuna injini kubwa za mvuke anaruhusiwa kupanda hadi pale dereva alikuwa anasimama. Alafu muulizie lile behewa la Ryall. Huyo alikuwa mzungu wa polisi wa reli, mwaka wa 1900 alienda Kima kuvizia simba mla watu, akalala ndani ya behewa akingoja, simba akaingia akamtoa yeye. Behewa lenyewe liko pale. Wangu walikaa wakiangalia dirisha dakika kumi nzima hawaongei, na hao si watoto wa kunyamaza.

Panda Milima

Maoni yangu tofauti. Hell's Gate imejaa watu wa kupiga picha. Longonot ndio mlima, mita 2,776, unapanda kama kilomita tatu kutoka getini hadi ukingoni alafu unazunguka kreta yote, kama saba hivi, na hakuna pesa ya baiskeli. Gari za Naivasha za njia ya chini ya Mai Mahiu zinakushusha Longonot. Bei poa na unapata hadithi ya kusimulia.

Karagita Mwenyewe

Panda Milima hadithi utasimulia wewe, huyu dada anatoka usawa wa bahari. Longonot ni mlima mzuri sijakataa, lakini hauna kivuli, njia ni vumbi laini kama unga wa ngano, kuna mahali unapiga hatua mbili unarudi moja, na yeye alipanga kuupanda jioni BAADA ya Hell's Gate. Dada, futa hiyo kabisa. Miguu itakuwa ishakwisha na getini hawaruhusu mtu kuanza kupanda jioni.

Mimi naishi hapa kwa hiyo barabara ya ziwa, wacha nikuambie vile sisi tunaona. Kosa la watu wa Nairobi ni Jumamosi. Jumamosi kila basi la kanisa na la chama linakuja Hell's Gate, baiskeli nzuri zinaisha mapema, unabaki na ile moja ya kiti kimezungushiwa nailoni na breki ya mbele tu. Njoo Ijumaa. Toka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, magari ya Naivasha yako Nyamakima, nauli huwa mia tatu kuendelea kulingana na siku. Ukifika Naivasha panda matatu za Kongoni, mwambie konda akushushe njia panda ya Hell's Gate. Hapo boda watakuambia geti ni mbali sana. Ni kama kilomita mbili, mnatembea mkipiga stori.

Baiskeli zikodishe hapo njia panda ama getini, lakini kabla hujalipa ipande, zunguka kidogo, shika breki zote mbili kwa nguvu, angalia cheni haijalegea. Mtu wa baiskeli atanuna, mwache anune. Ndani njia ni tambarare, magenge mekundu huku na huku, na mbele tu kidogo unakuta Fischer's Tower, jiwe limesimama peke yake mita 25. Chini yake kuna pimbi wanaota jua, wamenona, hawaogopi mtu, watakaribia wakidhani uko na ndizi. Usiwape. Na chakula kiweke ndani ya begi limefungwa, nyani wa hapa wanajua zipu. Punda milia, swala, ngiri, twiga mtapita nao karibu. Nyati wakiwa njiani simama mbali ungoje, hao si wa kujaribu.

Korongo la Ol Njorowa liko kama kilomita nane kutoka geti. Hapo usifanye ubishi, uliza askari kama wanaruhusu kushuka siku hiyo, na chukua mwenyeji wa kuwaongoza. Septemba 2019 maji yalikuja ghafla yakabeba watalii na mtu aliyekuwa anawaongoza, na pale walipokuwa hakukuwa kunanyesha, mvua ilinyesha huko juu. Ukiona mawingu meusi upande wowote, baki juu. Kama kijana anapenda mitambo, hapo mbele ndio Olkaria, wanatoa umeme kwa mvuke wa ardhini tangu 1981, utaona mabomba makubwa yamepindwa juu kama lango ili twiga wapite chini yake. Harufu ni ya mayai viza, mtazoea.

Kiingilio mnalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, keshi hawashiki, na bei zao hubadilika so angalia huko huko kabla ya kutoka Mombasa. Lipia usiku mkiwa na wifi na chaji, siyo pale getini simu ina asilimia tatu. Beba kitambulisho ndio ulipe ya raia.

Alafu mlale huku huku Ijumaa. Chumba Karagita ni bei rahisi kuliko Nairobi, kama 1,200 au 1,500 kisicho na maringo. Jumamosi asubuhi watu wote wanatoka Nairobi kuja huku, nyinyi mnarudi na barabara iko wazi.

Msee wa Umoja

Hiyo ya Karagita ni akili. Dada, hapo sasa umeona, pesa yako haitaisha kwa tiketi, itaisha kwa jam na kwa vile viboda vidogo vya mwisho, mia huku, mia mbili huku. Ngiri wa mbugani ni wa kuangalia bure, ngiri za mfukoni, yaani elfu zako, ndio zitakimbia.

Nimekupigia hesabu: treni 6,000, vyumba siku tatu kama 5,500, Naivasha na kurudi pamoja na matatu za huko kama 2,200, baiskeli mbili elfu moja, hiyo ni 14,700. Imebaki 5,300 ya kiingilio, makumbusho na kula. Mkila vibanda, chapo madondo, githeri, mnatoboa. Mkiingia mahali menyu iko na picha, hamtoboi.

MwanaKisauni

Jamani ahsanteni, sikutarajia. Longonot nimeifuta, Suswa nimeifuta, na nimekata tiketi za saa mbili asubuhi kwenda, na Jumapili ya saa tisa kurudi, ili asubuhi hiyo tuende kwa treni za kale. Nimemsomea mdogo wangu habari za Ryall, sasa ataka kujua simba alipitia dirisha au mlango. Mama Wawili, kwani yeye simba si alikuja kuviziwa, mbona mzungu alilala?

Swali la mwisho: Ijumaa alfajiri, kutoka Ngara mpaka hapo Nyamakima ni gari au miguu?

Mama Wawili South B

Mlangoni, walisema mlango ulikuwa wa kusukuma kando. Na alilala kwa sababu ilikuwa zamu yake kukaa macho 😂

Msee wa Umoja

Ni miguu, dakika kumi na tano hivi, lakini saa kumi na moja bado ni giza, ngojeni kupambazuke ama mchukue boda moja nyote wawili. Na simu iwe mfuko wa ndani, sio mkononi unatafuta njia. Ukipotea ingia dukani uulize.