Mbunge wetu akiwa waziri, nani atamwuliza waziri? Mjadala wa wana-Tanga

Mleta mada, Ngamiani

Wana-Tanga, asalaam alaykum na habari za leo kwa wote.

Kila kampeni zikianza tunaimbiwa wimbo ule ule: chagueni mtu mzito, atapewa uwaziri, Tanga itafunguka. Mimi naona tunauziwa mbuzi kwenye gunia. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: mtu akiteuliwa waziri, asiendelee kuwa mbunge wa jimbo. Ashike kimoja.

Nachukua mfano wa nyumbani, Ummy Mwalimu, na wala sina ugomvi naye. Ni mwanasheria, mzaliwa wa hapa hapa Tanga. Aliingia bungeni mwaka 2010 kwa viti maalum, akawa naibu waziri, kisha mwaka 2015 Rais Magufuli akamkabidhi wizara yenye jina refu kuliko foleni ya dirisha la dawa: Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Machi 16, 2020 ndiye aliyelitangazia taifa mgonjwa wa kwanza wa korona. Mwaka huo huo akagombea Tanga Mjini, kiti alichokuwa nacho Musa Mbarouk wa CUF, akashinda. Desemba 2020 akawekwa Ofisi ya Makamu wa Rais, Muungano na Mazingira. Machi 2021 TAMISEMI. Januari 2022 akarudishwa Afya. Agosti 2024 akaachwa nje ya baraza, nafasi ikaenda kwa Jenista Mhagama wa Songea.

Hesabuni wenyewe. Muhula mmoja wa ubunge, wizara tatu. Sisi wa Tanga Mjini tulikuwa na mbunge asiye waziri kwa wiki chache tu baada ya uchaguzi wa 2020, na tena mwishoni.

Sasa chukueni jambo moja. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha mzazi kumsajili mwanawe mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka, ukataka watoto waandikishwe kupitia shule. Kelele zilipigwa nchi nzima, na bungeni wabunge wa majimbo mengine waliwasemea wazazi wao. Mama wa Mabawa mwenye mtoto wa miaka miwili, ambaye hana shule yoyote, malalamiko yake ayapeleke kwa nani? Kwa mbunge wake. Na mbunge wake ndiye waziri anayeutetea uamuzi ule. Hawezi kusimama kiti cha nyuma akajiuliza swali, kisha akahamia kiti cha mbele akajijibu.

Hapo ndipo tulipo. Karibuni.

Mama wa Makorora

Mdogo wangu, nimekusoma mpaka mwisho. Hoja unayo, ila umeitazama upande mmoja.

Sisi wenye mabinti, kumwona mtoto wa kike wa Tanga anasimama mbele ya taifa anaongoza wizara kubwa namna ile, si jambo dogo. Tulikuzwa tukiambiwa binti wa pwani anasoma akisubiri kuolewa. Huyu kasoma sheria Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda mpaka Pretoria, akaanzia viti maalum, kisha akasimama jimboni na kuomba kura kama wanaume. Ukimwambia aache jimbo kwa kuwa kateuliwa, utakuwa unawarudisha wanawake kwenye viti vya kupewa.

Na hilo la mtu mzito usilidharau. Simu ya waziri inapokelewa. Mbunge wa kawaida anaambiwa "mheshimiwa yuko kikaoni".

Mleta mada, Ngamiani

Dada, la mabinti nakukubalia na silipingi popote. Ila la simu ndilo linaloniuma. Ikiwa maji au dawa zinafika kwa sababu ya simu, basi wasio na waziri wafe kiu? Leo simu ni yetu, kesho baraza likivunjwa simu ni ya watu wa Songea.

Kijana wa Pangani

Kaka wa Ngamiani, njoo huku Pangani useme hayo maneno uone utakavyojibiwa 😀

Sisi tuna Jumaa Aweso. Mbunge tangu 2015, naibu waziri wa maji 2017, waziri kamili wa maji tangu Desemba 2020. Kijana mwenzetu, kazaliwa 1985. Pangani ilikuwa inatajwa kwa minazi na magofu tu. Leo mradi wa maji wa miji 28 umetufikia, daraja la mto Pangani linajengwa, na barabara ya lami ya kutoka Tanga kupita huku, Saadani, hadi Bagamoyo inakuja. Mzee wangu alikufa akiisubiri hiyo barabara. Unataka tumwambie mtu wetu aachie jimbo?

Mleta mada, Ngamiani

Ndugu yangu wa Pangani, twende moja moja.

Mradi wa miji 28 unaendeshwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India, dola milioni 500, mikataba ikasainiwa Juni 2022. Katika mkoa wetu upo Pangani, Muheza, Korogwe na Handeni. Muheza waziri wa maji ni nani? Handeni je? Nao wamo. Ina maana waliingia kwa kuwa miji yao ina kiu, na mkopo ulipangwa kwa miji.

Barabara na daraja viko Wizara ya Ujenzi. Ukimpa sifa waziri wa maji kwa kazi ya ujenzi, siku lami ikichimbika utamlaumu pia?

Nikupe na mfano wa mjini kwetu. Mwaka 2024 Tanga-UWASA, mamlaka yetu ya maji, waliuza hatifungani ya kijani, yaani walikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa kutunza mazingira, shilingi bilioni 53.12, riba asilimia 13.5, miaka kumi, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha za kupanua chanzo na mtandao wa maji. Mbunge wetu wakati ule alikuwa Afya, hakuwa Maji. Iliwezekana kwa sababu mamlaka ya maji ilikuwa na vitabu ambavyo mwekezaji alivisoma akaviamini. Huo ndio uzito ninaoutaka mimi.

Kijana wa Pangani

Vitabu vizuri, sawa. Lakini na mamlaka ya maji iko chini ya wizara, na wizara ina waziri, na waziri ni wa kwetu. Umekwepa.

Mpita njia, Chumbageni

Mada nzuri ila Dodoma hawatusomi. Napita.

Mwalimu mstaafu, Usagara

Vijana, mnabishana kama jambo hili halijawahi kujadiliwa. Lilijadiliwa sana.

Katiba ya 1977, ibara ya 55, inataka mawaziri wote na manaibu wao wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge. Tume ya Jaji Warioba ya kuandaa Katiba mpya ilizunguka nchi, ikasikiliza watu, na rasimu yake ya Desemba 2013 ikapendekeza waziri asiwe mbunge. Sababu ilikuwa hii hii ya mleta mada: Bunge linapaswa kuisimamia Serikali, na mtu hawezi kujisimamia. Mnajua wenyewe mchakato ule ulivyokwama.

Tazameni pia mlango wa pembeni uliopo tayari. Rais anaruhusiwa kuteua wabunge wasiozidi kumi. Mwaka 2015 Dkt. Mpango aliingia kwa mlango huo akawa Waziri wa Fedha, Balozi Mahiga akawa Mambo ya Nje, Profesa Ndalichako akapewa Elimu. Mwaka 2021 Dkt. Stergomena Tax akaingia hivyo hivyo, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Ulinzi. Hawa hawakuwa na jimbo la kukimbilia Ijumaa jioni. Sijasikia mtu akisema Fedha ililegea kwa kuwa waziri hakuwa na jimbo.

Bi mkubwa wa Makorora, mwone huyo Dkt. Tax. Hakuomba kura kata yoyote, na kazi kapewa kwa sifa zake. Kwa hiyo kutenganisha vyeo hakuwafungii wanawake mlango.

Mama wa Makorora

Mwalimu, kwa heshima yako, kupewa na mtu mmoja na kupewa na kata ishirini na kitu si sawa. Aliyekuteua akikuchoka usiku, asubuhi huna kitu. Mwenye jimbo akiachwa uwaziri bado ana watu wake nyuma. Agosti 2024 Ummy aliondolewa wizarani, ubunge wake ulibaki. Kwa utaratibu wenu angebaki na nini?

Mwalimu mstaafu, Usagara

Hilo ni swali zito. Nakiri kwamba waziri asiye na jimbo ni mateka wa aliyemteua zaidi kuliko mwenye jimbo. Ila hata wenye majimbo sijawaona wakijiuzulu kwa wingi. Mzee Mwinyi alijiuzulu Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa mauaji ya Shinyanga ambayo hakuyatenda yeye. Tangu hapo wa namna hiyo ni wa kuhesabu.

Wa Bagamoyo, Dunda

Mnaruhusu majirani? Barabara ikiisha tutakuwa mtaa mmoja.

Sisi Bagamoyo Dkt. Shukuru Kawambwa alikuwa mbunge wetu miaka kumi na mitano, 2005 hadi 2020, na kati ya hapo akashika Miundombinu, kisha Elimu. Februari 2013 yakatoka matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa sifuri. Nchi ikalia. Waziri Mkuu akaunda tume, mwisho matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Wabunge wa kila upande walimbana waziri. Sisi wa Bagamoyo tulikuwa na watoto waliofeli kama wengine, lakini mbunge wetu ndiye aliyekuwa anabanwa. Nani atusemee? Tukabaki tunasikiliza mbunge wa Ubungo na wa Kigoma wakitusemea sisi.

Sikumchukia. Ni mtu mpole, msomi. Ila hapo ndipo nilipomwelewa mleta mada, zaidi ya miaka kumi kabla hajaandika.

Jirani wa Mombasa, Likoni

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka wa Horohoro, huku Kenya. Msije mkadhani huku kwetu ni peponi.

Katiba yetu ya 2010 yasema waziri asiwe mbunge. Sawa. Wakati wa Kibaki, Najib Balala alikuwa mbunge wa Mvita, hapa Mombasa, na waziri pamoja. Baada ya 2013 akarudi waziri pasi na ubunge, kwanza Madini, kisha Utalii. Watu wa Mvita wakampata mbunge wao asiye na shughuli nyingine. Hilo lilitufaa.

Lakini waliosema tutapata wataalamu wasio na siasa walitudanganya. Mvurya alikuwa gavana wa Kwale, leo ni waziri. Joho gavana wetu wa Mombasa miaka tisa, Agosti 2024 akaapishwa kushika Madini na Uchumi wa Bahari. Wanasiasa watupu. Na walipotolewa bungeni, kwa miaka wabunge wakawa wanauliza maswali kwa mwenyekiti wa kamati, waziri mwenyewe hayupo. Hadi walipobadilisha kanuni ndipo mawaziri wakaanza kuja kujibu.

Jingine. Opiyo Wandayi alikuwa mbunge wa Ugunja, 2024 akateuliwa waziri wa Kawi, nyinyi mwaiita Nishati, akaacha kiti kama katiba itakavyo. Tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna. Ugunja wakakaa bila mbunge hadi uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025. Zaidi ya mwaka! Nyinyi mwalalamika mbunge amejaa kazi, wenzenu hawakuwa naye kabisa.

Kijana wa Pangani

Umesikia, kaka wa Ngamiani? Na kwetu baraza linabadilishwa mara ngapi? Kila likipanguliwa turudi kwenye uchaguzi mdogo, magari ya vipaza sauti, fulana na kofia?

Mleta mada, Ngamiani

Nimesikia, na shukrani kwa ndugu wa Likoni. Ugunja ilikosa mbunge kwa sababu tume haikuwa na watu, sheria haikuwa na kosa hapo. Hata mbunge angefariki, kiti kingekaa wazi vile vile. Uchaguzi mdogo dawa yake ni waziri ateuliwe kutoka nje ya Bunge tangu mwanzo, abanwe na kamati kabla hajaapishwa, na awe na kiti cha kuja kujibu maswali bila kura.

Ila kuna jambo dogo hamjaligusa, na mimi naliona kubwa. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo upo kwa sheria ya 2009. Mgawo wake unaangalia watu, umaskini na ukubwa wa eneo, si uzito wa mbunge. Na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Sasa mwenyekiti akiwa leo Bukoba anapambana na homa ya Marburg, kama ilivyokuwa Machi 2023, na ni kazi halali kabisa ya waziri wa afya, madawati ya shule ya Pongwe yanamsubiri nani?

Tena tazameni mipaka ya kazi. Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, iko Wizara ya Afya. Zahanati na vituo vya afya vya kata viko TAMISEMI. Akiwa TAMISEMI angesemwa kwa zahanati, akiwa Afya akasemwa kwa Bombo, na kila alipohamishwa sisi tulihama naye kwenye malalamiko. Jimbo halipaswi kuhama.

Mama wa Makorora

Na huyo waziri wako wa kutoka nje, asiye na jimbo, atamjua nani Duga?

Mleta mada, Ngamiani

Asimjue mtu, dada. Ahakikishe dawa ziko Bombo kama zilivyo Ligula kule Mtwara. Wa kumjua mtu wa Duga ni mbunge, na diwani kabla yake.

Mama wa Makorora

Haya. Mimi kura yangu bado nampa mwenye simu inayopokelewa. Mwalimu, hebu tuwekee hapa kile kifungu cha rasimu ya Warioba tukisome wenyewe, maana huyu mdogo wangu leo kaamka na ubishi.