Huduma yetu Kisauni: 2027 inakaribia, tujipange vipi?

Katibu_Kisauni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Nina huduma ndogo ya watoto hapa Kisauni. Kila Jumamosi tunawapikia wali na pojo, tunawasaidia kazi za shule, kisha tunafundisha Neno. Watoto wa majirani Waislamu huja kula na kusoma, saa ya Neno ikifika wanarudi kwao. Ndivyo tulivyokubaliana na wazazi na hatujawahi kugombana.

Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, tulifunga kwa muda. Hilo lilieleweka. Kilichotuumiza kilikuja baadaye. Vijana wetu wanaofundisha walitaka kanisa liwaombee waliopigwa risasi Juni 25 kule Bunge, wazee wakasema siasa isipande madhabahuni. Baadhi ya vijana hawajarudi mpaka leo.

Sasa uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Mheshimiwa mmoja ameshatuletea viti vya plastiki vyenye jina lake mgongoni, na anaahidi hela za jengo. Wafadhili wetu wa nje nao wanauliza kama wasimamishe msaada mpaka uchaguzi upite. Nyinyi mlioendesha huduma hapa Mombasa miaka ya vurugu, 1997, 2008 na 2014, mlifanyaje?

Mama_Likoni

Asifiwe mwanangu. Nitaandika kirefu, unisamehe.

Usiku wa Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha feri hapa Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Vikaratasi vilikuwa vikizunguka vinawaambia wabara, watu waliotoka bara, warudi kwao. Watu kwa maelfu walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni. Sisi wa makanisa mengine tukabeba sufuria tukaenda kupika kulekule, hakuna aliyeuliza nani kabatizwa kwa maji mengi na nani kwa machache. Nilichokiona pale ni kwamba mtu aliyekimbia nyumba yake hahitaji mahubiri kwanza. Anahitaji choo, maji, na mtu wa kuandika jina lake ili ndugu zake wakija wampate. Kwa hiyo nunueni daftari sasa. Andikeni jina na mtaa. Kabila msiandike kamwe. Daftari la namna hiyo likiingia mikono mibaya linakuwa orodha ya watu wa kuuawa.

Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi, ilikuwa hali nyingine. Kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa siku ya mwaka mpya na watu wamejificha ndani. Habari ile ilituonyesha kwamba jengo halimlindi mtu kwa sababu tu ni kanisa. Tukaacha ibada kubwa, tukagawana kwa mtaa: Mtongwe, Shika Adabu, Timbwani. Saa tisa alasiri nyumbani kwa mtu, kabla ya magharibi kila mmoja yuko kwake, na hakuna wa kuvuka feri. Kila kikundi kilichanganywa kwa makusudi, Mluhya na Mdigo, Mkikuyu na Mjaluo wapike jiko moja. Na maombi yaliwekewa utaratibu. Mtu akianza kumwombea mgombea kwa jina, kiongozi anaanzisha pambio. Watu walinuna, lakini vikundi havikuvunjika. Februari 28, Kibaki na Raila walipotia saini mkataba wa kugawana madaraka mbele ya Kofi Annan, tulikuwa bado tunakula pamoja.

Halafu Machi 23, 2014. Watu wenye bunduki waliingia kanisa la Joy in Jesus hapa kwetu ibada ikiendelea, watu sita wakafa. Jumapili iliyofuata wanawake wa Kiislamu wa mtaani kwangu walikuja wakakaa kwenye benchi nje ya lango letu mpaka tukamaliza. Hatukuwaita. Lakini tulikuwa tunazikana nao miaka na miaka, na Ramadhani tunapelekeana futari. Mwanangu, hilo benchi huwezi kulitafuta siku ya vurugu. Linatengenezwa wakati wa amani.

Kuhusu wafadhili: Mei mwaka huohuo watalii wa Kiingereza waliondolewa Mombasa, hoteli zikapunguza wafanyakazi. Nusu ya washirika wetu walikula kwa kazi ya hoteli, basi sadaka ikakauka. Huduma nyingi hufia hapo, kimyakimya, wala si kwa risasi. Waambieni wasisimamishe chochote, walete mapema. Nunueni unga, maharagwe na mafuta ya kupikia, mhifadhi nyumba mbili tofauti, si kanisani peke yake.

Jirani_Majengo

Assalaam aleikum. Mimi ni Muislamu, nasoma hapa kwa sababu mke wangu alinionyesha. Mama wa Likoni amesema kweli, naongeza upande wetu.

Oktoba 4, 2013 kanisa la Salvation Army hapa Majengo lilichomwa, baada ya mhubiri wa Kiislamu, Sheikh Ibrahim Ismail, kuuawa. Nilisimama barabarani naona moshi na nilisikitika sana. Lakini mwaka mmoja kabla, Agosti 27, 2012, Sheikh Aboud Rogo, mhubiri aliyetuhumiwa kwa msimamo mkali, aliuawa kwa risasi barabarani, na mtaani kwangu sikumsikia mchungaji hata mmoja akidai uchunguzi. Hukuhitaji kukubali mawaidha yake ili useme mtu asiuawe bila mahakama. Makanisa yakilia kwa ajili yetu, vijana wetu watayasikia.

Katibu, nenda ukamwone imamu wa karibu nanyi mwezi huu. Usiende na kamera wala barua ya kugongwa muhuri. Baraza la viongozi wa dini wa Pwani, CICC, lipo na linafanya kazi nzuri, lakini uvumi wa saa mbili usiku unazimwa na watu wawili wenye namba za simu za wenzao.

Kijana_Changamwe

Mimi ni mmoja wa wale walioacha kwenda kanisani baada ya Juni 2024, si kwenu, kwingine. Ibara ya 37 ya Katiba inatupa haki ya kuandamana kwa amani. Tulipigwa, tukarudi Jumapili, tukaambiwa tutii mamlaka. Mheshimiwa yeye akija anapewa kipaza sauti. Tulichoomba ni dakika za maombi tu. Mkitaka wale vijana warudi, wafuateni nyumbani kwao, na mtangulie kusikiliza.

Mama_Likoni

Kijana, umenichoma na una haki. Kutokuwa na chama si kunyamaza. Februari 2008 viongozi wa NCCK, baraza la kitaifa la makanisa, walikiri mbele ya nchi nzima kwamba walikuwa wameegemea pande, na ndiyo maana wakashindwa kukemea uovu. Kanisa litaje kitendo: risasi, utekaji, wizi. Vyama liwaachie wenyewe.

Viti, Katibu, rudisheni. Waanglikana waliwazuia wanasiasa kuhutubia madhabahuni tangu Septemba 2021, na Novemba 2024 Wakatoliki wa Nairobi walirudisha mpaka hela za Rais. Mtoto wa Kisauni akikalia jina la mheshimiwa kila Jumamosi, kijana wa mpinzani atakayekuja na petroli hataona huduma ya watoto. Ataona ofisi ya kampeni.

Katibu_Kisauni

Asanteni sana, na wewe jirani wa Majengo Mungu akubariki. Nimewasomea wazee maneno yenu jana jioni. Daftari na chakula vimepita bila ubishi. Imamu nitamwona Alhamisi pamoja na mwalimu wetu mmoja ambaye dada yake ameolewa kwenye familia ya msikitini. Kwa vijana ninaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba, sitatuma ujumbe wa simu.

Viti ndiyo bado. Wazee wawili wanasema tukatae hela za jengo lakini viti vibaki, tufute jina kwa rangi. Mimi sikubali. Kama kuna aliyewahi kurudisha kitu kwa mheshimiwa bila kuleta uadui mtaani, naomba aniambie alikwenda na nani na alisema nini.