Naomba ushauri: babu ninayemhudumia anapenda fumbo la maneno la kila siku, mimi nazidi kumharibia

BintiMwanza

Habari za muda huu wakuu. Naombeni mnicheke kidogo tu, kisha mnishauri.

Niko Ohio, Marekani, mji ulio kando ya Ziwa Erie. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Babu wa zamu yangu ya asubuhi ana miaka 88, kichwa kizima kuliko changu, ila macho yamekwisha. Akishakunywa chai lazima lijazwe fumbo la gazetini, lile la viboksi vyeupe na vyeusi lenye majibu ya mlalo na ya wima. Zamani alijaza mwenyewe, tena kwa kalamu ya wino. Siku hizi mimi nasoma kidokezo, yeye anajibu, mimi naandika. Simu hairuhusiwi mezani, hilo alishasema tangu siku ya kwanza.

Sasa Alhamisi iliyopita, namba 1 mlalo: salamu ya Kiswahili, herufi tano. Jamani, nilisimama! Miezi yote ile naulizwa wachezaji wa besiboli waliokufa kabla sijazaliwa, leo wameuliza la kwetu. Nikaandika MAMBO kwa wino, herufi kubwa. Babu akauliza, "Una hakika?" Nikamwambia babu, hiyo lugha nimezaliwa nayo.

Kutoka kiboksi hichohicho linashuka neno la herufi nane, maana yake mtu wa umri mdogo. Babu anasema JUVENILE. Mimi namwambia haiingii babu, linaanza na M. Tukahangaika dakika ishirini. Mwisho akaniuliza taratibu, "Kwani *jambo* si salamu?" Nikamjibu jambo tunawaachia watalii. Akasema, "Basi aliyetunga ni mtalii."

Nilipofuta M nikaweka J (nilichafua, kakiboksi kakawa kama kidonda), ndipo fumbo lote likafunguka. Siku hiyo lilikuwa na mada: ndani ya JUVENILE imelala NILE, ndani ya INDUSTRY kuna INDUS, ndani ya NATURAL kuna URAL. Yote mito. Babu alizijua Indus na Ural, akanieleza kwamba jina la India limetokana na ule wa kwanza, na kwamba Ural unaishia Bahari ya Kaspi. Nami nikamwambia Nile inatoka kwenye ziwa nililojifunzia kuogelea, inatokea pale Jinja. Alinyamaza kidogo, akaniomba nimtajie ukubwa wa ziwa hilo. Nikamwambia ni zaidi ya mara mbili ya hilo lake la dirishani.

Swali langu: mtu aliyesoma Kiingereza cha shule anajifunzaje haya mafumbo mpaka awe msaada, asiwe mwandishi tu? Na je, kuna faida, au najichosha na vitu vya wenyewe?

Mzee wa Kalamu

Umenichekesha, binti. Kosa lako la kwanza ni wino. La pili umeanzia Alhamisi.

Kama gazeti lenu linafuata mtindo wa New York Times, Jumatatu ndiyo rahisi kuliko zote, ugumu unapanda mpaka Jumamosi. Jumatatu mpaka Alhamisi huwa na mada, na Alhamisi ndiyo siku ya ujanja. Ijumaa na Jumamosi kwa kawaida hayana mada, ni maneno magumu matupu. Jumapili lina mada na ni kubwa, viboksi 21 kwa 21 badala ya 15 kwa 15, lakini usitishike, ni refu kuliko lilivyo gumu. Mwombe babu Jumatatu na Jumanne muwe mnaanza na majibu yako wewe.

Kisha jifunze kusoma kidokezo chenyewe, maana kina adabu zake. Kikiwa cha wingi, jibu ni la wingi, kwa hiyo kiboksi cha mwisho mara nyingi ni S, iweke kwa penseli ukisubiri. Kikiwa cha wakati uliopita, jibu nalo limepita. Wakifupisha neno kwenye kidokezo, jibu ni kifupisho. Na ukiona alama ya kuuliza mwishoni, ujue unachezewa, maana iliyokujia kwanza siyo. Anza na vidokezo vyenye pengo, vile vya kumalizia msemo. Hivyo havina ubishi.

Na kwa kuwa babu haoni, usimsomee kidokezo kikavu. Mwambie "herufi tano, ya pili A, ya mwisho O". Hapo anaona kwa masikio.

Kipanga Mweusi

Mimi nitakuwa mbaya wenu. Dada, hayo mafumbo ni mtihani wa uraia wa watu wengine. Timu zao, biskuti zao, vipindi vyao vya redio vya 1950. Ukishajua OREO ni biskuti nyeusi yenye krimu nyeupe, umepata nini? Soma kozi ya uuguzi, muda wa chai uende huko.

BintiMwanza

Kipanga, kozi nasoma usiku. Asubuhi nalipwa kukaa na babu, na babu anataka fumbo.

Mpemba wa Maskati

Assalaam aleikum. Kipanga ana lake, lakini hajatazama vizuri. Hivi umewahi kujiuliza kwa nini OREO, na kwa nini ERIE kila wiki? Si mapenzi ya biskuti wala ziwa. Ni irabu. Mtunzi akibanwa pembeni anatafuta neno fupi lenye irabu nyingi, ndiyo maana wale wale wanarudi: ALOE (shubiri yetu hii), ETNA mlima wa moto wa Sicilia, ARAL bahari iliyokauka sehemu kubwa kwa sababu maji ya mito yake yalipelekwa kwenye mashamba ya pamba, ETUI kikasha cha sindano. Mia moja ukizikariri, nusu ya Jumatatu umeimaliza. Nunua daftari dogo, kila jibu jipya liandike na kisa chake. Simu fungua baada ya kumaliza, siyo kabla.

Sasa njoo kwa irabu za kwetu. OMAN, ADEN, EMIR, IMAM, hizo nazipata kila mara na hapa sebuleni kwangu watoto wanaona baba kichwa. Wewe kama ulipita Jumapili ya watoto kanisani, ESAU aliyeuza uzaliwa wa kwanza kwa dengu na ELI aliyemlea Samweli ni majibu ya bure. Na Kiswahili kimo zaidi ya salamu za watalii: SAFARI, SIMBA, UHURU. NIA inakuja kama kanuni ya tano ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi aliyoianzisha Maulana Karenga 1966, na kanuni zote saba ni maneno yetu. JENGA, ule mchezo wa vijiti, ulitolewa na Leslie Scott kwenye maonyesho ya michezo London 1983. Mama huyo alikulia Afrika Mashariki na jina ni kitenzi chetu hasa. Msimulie babu hilo, asidhani unakaa pale kusoma tu.

Shosho wa Nakuru

Hata mimi nilianzia gazeti la jana pale kwa kinyozi nikingojea kijana wangu anyolewe. Nilikuwa naona haya kuuliza. Jambo moja tu: usione aibu kuacha wazi. Ondoka, osha vyombo, urudi. Jibu linakujia mikono ikiwa na sabuni, sijui ni kwa nini.

Halafu huyo Kipanga aambiwe, gazeti lilelile la New York liliwahi kuwacheka wajaza mafumbo 1924 kwamba wanapoteza muda. Lenyewe likaanza kuchapisha la kwake 1942, vita vimepamba moto na watu wanahitaji kitu cha kushika.

Kibanda cha Herufi

Natunga mafumbo ya Kiswahili kwa kujifurahisha, nichomeke langu. Kwa mtindo wa Kimarekani, ambao kila herufi lazima ikatwe na neno la pili, Kiswahili kinagoma. Sababu: maneno yetu yanaishia na irabu. Ukijaza safu ya mwisho kulia, kila neno la mlalo linaloishia pale linaacha irabu, sasa neno la wima la ukingoni litakuwa irabu tupu. Nimekesha, nikapata UA, AU na OA, basi.

Dawa ni jedwali la mtindo wa Uingereza, lile la kama wavu, ambapo herufi moja inakatwa na inayofuata haikatwi. Hapo lugha yetu inaingia kama mkono kwenye glovu. Weka KALAMU wima ukingoni: MEZA inaishia kwenye A ya kwanza, NDOA kwenye ya pili, UKUNGU kwenye U. Konsonanti zinabaki zenyewe bila kusumbuliwa. Ugomvi uliobaki ni NG': kiboksi kimoja au viwili? Mimi natumia viwili na ritifaa naiacha. Mnaotaka kunitukana, karibuni.

BintiMwanza, mchoree babu moja la herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, mjaze kwa zamu. Nawe uwe mwalimu.

BintiMwanza

Mrejesho wakuu. Penseli nimenunua, na kifutio. Jumatatu tumemaliza kwa dakika 35, majibu kumi na moja yangu, ERIE likiwemo (babu alinyoosha tu kidole dirishani). JENGA nilimsimulia, akasema wajukuu zake wanao huo mchezo na hakuna anayejua maana yake.

Ila sasa ameshika salamu. Leo nimefungua mlango, kabla sijavua koti, sauti chumbani: "MAMBO!" Nikamwambia hapana babu, wewe ni mtu mzima, mimi ndiye wa kukuanza. Nasema shikamoo, unajibu marahaba. Akanitaka nimtajie herufi moja moja, akahesabu kwa vidole. Shikamoo nane. Marahaba nane.

Kibanda cha Herufi

Subiri. Nane kwa nane? Hizo ni pembe mbili za jedwali, shikamoo juu kushoto, marahaba chini kulia, ukiligeuza zinabadilishana mahali! Usimpe mtu mwingine wazo hilo. Naanza kuchora sasa hivi, kesho asubuhi yenu litakuwa hapa.