Kampuni za kupandisha Kilimanjaro: tovuti ya uongo iwe sababu ya kunyimwa leseni?

MLETA MADA

Wakuu, naleta mada hii tuichambue bila matusi.

Kilimanjaro huruhusiwi kupanda kivyako. Lazima upitie kampuni yenye leseni ya utalii, hii tunayoiita TALA, na uongozwe na mtu mwenye kibali. Mgeni aliyeko Poland au Korea hawezi kuja Moshi kwanza akakagua mahema ndipo alipe. Anachokiona ni tovuti. Sasa kaeni jioni moja mpitie tovuti za kampuni ndogo za Moshi na Arusha. Zile kubwa ziacheni, zina watu wa kuzitunza.

Juzi nimefungua ya kampuni moja, siitaji. Picha ya kwanza kabisa ni mlima wenye theluji, mbele yake kamba imetundikwa vibendera vya rangi rangi. Vile ni vibendera vya sala vya Wabudha, utavikuta Nepal huko, siyo Kibosho. Nikashuka kwenye ratiba ya njia ya Machame: eti mgeni atalala kwenye vibanda vyenye vitanda. Vibanda viko njia ya Marangu: Mandara, Horombo, Kibo. Machame ni mahema mwanzo mwisho. Kuna mtu kanakili ratiba ya mwenzake akabadilisha jina la njia tu, na ratiba hiyohiyo, neno kwa neno, nimeikuta kwenye tovuti za kampuni nyingine.

Hayo unaweza kuyacheka. Bei ndiyo haichekeshi. "Machame siku sita, dola 990, kila kitu ndani." Haya, tupige hesabu kwa ada za hifadhi za mgeni wa nje. Dola 70 kwa siku mara sita, 420. Kambi dola 50 kwa usiku mara tano, 250. Uokoaji 20. Jumla 690, weka VAT asilimia 18, unafika 814. Imebaki 176. Hapo hujamlipa mwongozaji, mpishi wala wagumu, yaani wapagazi, watatu au wanne wa huyo mgeni mmoja. Hujanunua chakula cha siku sita. Hujaweka mafuta kwenye gari la kwenda getini na la kuwafuata Mweka wakishuka. Hiyo faida inatoka wapi kama si mfukoni mwa mgumu?

Hoja yangu: wizara inapohuisha leseni, iifungue na tovuti. Kama haionyeshi nambari ya leseni, haichanganui bei, au imejaa picha za wizi, leseni isubiri. Nipingeni.

MAMA MSAFARA

Nakupinga, kaka, tena kwa sauti.

Mimi nina kampuni ndogo hapa Moshi. Nimeshazunguka TRA, halmashauri, OSHA ya usalama kazini na zimamoto kabla sijafika kwenye hiyo TALA. Unataka kuniongezea dirisha lingine la kupanga foleni, na ofisa wa kunitazama kwa jicho la "mama, tunaongeaje?"

Tovuti yangu alinitengenezea kijana mmoja kwa laki tatu. Akaisajili kwa jina lake, nywila akabaki nazo yeye, kisha akabadilisha namba ya simu. Nikitaka kufuta bei ya mwaka juzi sina pa kuanzia. Siku moja mgeni akaniandikia WhatsApp kwamba akifungua anakuta matangazo ya kamari. Hivi niambie, hapo mwongo ni nani?

Na wateja wangu hawaji kwa tovuti. Wanaletwa na aliyepanda mwaka jana, akampa rafiki yake namba. Kizuri chajiuza.

Mbona husemi mawakala wa Ulaya? Tovuti zao zinang'aa, video za ndege zisizo na rubani, kila kitu. Wanamtoza mgeni bei kubwa huko kwao, sisi huku wanatupa makombo tumpandishe. Hao wizara itawafungua lini?

FUNDI WA NJIRO

Natengeneza tovuti Arusha, na hilo la mama ni karibu kila wiki. Dada zangu, kaka zangu: jina la tovuti, iwe .co.tz au nyingine, lisajiliwe kwa jina la kampuni na barua pepe ya mwenye kampuni. Fundi apewe ruhusa ya kuingia tu. Ukifanya hivyo, fundi akihama mji wewe unabaki na mali yako.

Mleta mada kakazania picha, mimi naona kuna ubovu unaoumiza zaidi ambao mwenye kampuni hauoni kabisa: fomu ya maulizo. Mgeni anajaza tarehe, idadi ya watu, njia anayotaka, anabonyeza tuma, ujumbe unakwenda kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua. Jaribuni leo. Jitumieni wenyewe maulizo kwenye tovuti zenu muone kama yanafika. Kuna mteja wangu alikuta maulizo ya msimu mzima yamelala.

Ya wizara kukagua siungi mkono. Atakayekagua hajui tovuti wala mlima.

MGUMU WA MACHAME

Mnabishana juu ya vibendera. Mimi nabeba.

Kampuni ya mwisho niliyoifanyia kazi ina tovuti nzuri kuliko zote mnazozitaja. Kuna ukurasa mzima umeandikwa wanatujali sisi wapagazi, na picha yetu tunacheka. Getini mzigo unapimwa kilo 20, safi kabisa. Mkishapita geti, kona ya kwanza, unaongezewa gesi na viti. Tipu mgeni anamkabidhi mtu mmoja, sisi tunapewa anachojisikia. Mshahara njoo kesho, njoo Jumatatu.

Kwa hiyo tovuti nzuri ni uongo ulionyooshwa pasi. Mkitaka kulazimisha kitu, lazimisheni waandike mgumu analipwa shilingi ngapi kwa siku, kwenye ukurasa uleule wa bei. Mgeni asome akiwa kwao. Akifika kambini Shira atatuuliza, na sisi tutamjibu.

MSOMAJI WA KIMYA

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo. Anayeahidi vitanda Machame ashtakiwe huko. Hakuna haja ya sharti jipya kwenye leseni.

MLETA MADA

Mkuu, Mkorea aliyepanda Agosti na kurudi kwao atakuja FCC lini?

MTU WA DODOMA

Samahani natoka kidogo nje ya mada. Sisi kazini tunataka kupanda kwa ajili ya tarehe 9 Desemba. Nimepekua tovuti zenu mpaka bando limeisha, sijaona hata moja yenye bei ya Mtanzania kwa shilingi, wala ukurasa wa Kiswahili. Kila mahali ni dola. Ukipiga simu bei unatajiwa kulingana na lafudhi yako.

MAMA MSAFARA

Mtu wa Dodoma, njoo inbox, bei ya Mtanzania ninayo. Na umenigusa, kwangu kweli haijaandikwa.

MLETA MADA

Fundi kaniyumbisha kwenye picha, sawa, nazitoa. Za wizi wenye picha wazidai wenyewe. Lakini hili la mgumu nalichukua kama lilivyo: nambari ya leseni, mchanganuo wa bei, na ndani ya mchanganuo malipo ya wagumu kwa siku. Mistari mitatu, haihitaji fundi wa laki tatu. Mama, hilo nalo gumu?

MAMA MSAFARA

Kuandika si kazi. Nikiandika leo peke yangu, nauza 1,900 na kila senti inaonekana, halafu jirani yangu wa 990 haandiki kitu, mgeni anabonyeza kwa nani? Lazimisheni wote siku moja, na mawakala wa nje wakiwemo, nami nitakuwa wa kwanza.

MLETA MADA

Wa nje leseni ya Dodoma haiwafikii.

MGUMU WA MACHAME

Mgeni wao anapita geti lilelile. Fomu ya getini iongezwe mstari mmoja: umelipa kiasi gani, na umemlipa nani.