Likizo ya Desemba bila gari: Nakuru, Kakamega au Saiwa?

MamaWawili_Kondele:
Habari zenu wadau. Shule zikifungwa nataka kuwatoa watoto, mmoja ana miaka 9, mwingine 13. Pale hifadhi ya Kisumu Impala tumekwenda mpaka mdogo anadai simba wa kizuizini anamjua kwa sura. Sasa anataka flamingo wa Nakuru. Mkubwa hataki kusikia habari ya ndege. Gari hatuna, na karo ya Januari inanisubiri mlangoni. Nielekee wapi tukaone wanyama wakiwa kwao?

Wa_Lanet:
Dada, mimi ni wa Nakuru na nakusihi usije kwa ajili ya flamingo pekee. Zile picha za ufuo wote kuwa wa waridi ni za zamani. Maji ya ziwa yalianza kupanda miaka ya 2010, hata lango kuu la awali likafunikwa. Flamingo wadogo hula mwani unaostawi kwenye maji ya magadi. Maji yakiingia kwa wingi magadi yanapungua makali, mwani unaadimika, nao wanahamia Bogoria na kwingineko. Hurudi kidogokidogo, ila siwezi kukuahidi. Vifaru na twiga wa Rothschild wapo, lakini mbugani huruhusiwi kutembea kwa miguu, na kukodi gari kwa watu watatu ni mzigo. Mkipata kundi la kanisa au chama mkajaza matatu nzima, hapo sawa.

Mkulima_Kipsaina:
Mbona hakuna anayetaja Saiwa? Ndiyo mbuga ya kitaifa ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita 3 za mraba tu, na ilitengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya nzohe. Huko kila mtu anatembea, mwenye gari na asiye nalo. Nzohe ni swala wa kinamasini. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, ndiyo maana hazami kwenye tope, na akishtuka anajitosa majini akabakiza pua. Pandeni kwenye ulingo alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya matete. Kwanza utaona matete yakitikisika mahali pamoja ilhali kwingine kumetulia. Usimwonyeshe mtu kwa kidole, subiri. Baadaye linatokeza sikio, halafu mgongo uliolowa. Jua likikolea anajificha mpaka jioni.

Kutoka Kitale mnapanda matatu ya Kapenguria, mnashuka njia panda ya Kipsaina, kisha boda mpaka langoni. Lazima mlale Kitale, la sivyo alfajiri mtaisikia tu.

Jamaa_wa_Ahero:
Mtoto wa miaka 9 anyamaze juu ya ulingo saa nzima? Labda wa kwako, mkulima 😂

Mwalimu_Shinyalu:
Jamaa hapo kasema kweli. Mama, anza na msitu wa Kakamega. Mbega hawadai kimya, wao wenyewe ni wapiga kelele, na wakiruka kutoka mti hadi mti ile mikia myeupe inapepea hadi mkubwa wako atasahau simu. Huu ni ukingo wa mashariki wa msitu wa mvua wa Kongo, kwa hiyo kuna ndege na vipepeo ambao kwingine nchini huwaoni. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe mugumo ulioukaba mti mwingine mpaka ule wa ndani ukaoza, pakabaki uwazi wa kuingia mtoto.

Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50, mnaenda na kurudi siku hiyohiyo. Upande wa Isecheno mnapitia Shinyalu. Buyangu, upande wa kaskazini, uko chini ya KWS, shirika la wanyamapori: lipieni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kabla ya kutoka nyumbani, langoni pesa taslimu hazipokelewi. Na fikeni asubuhi, mchana mvua haina adabu.

Nyar_Dunga:
Huyo mdogo mpenda ndege mlete kwanza Dunga, kinamasi cha kando ya ziwa, hapohapo jirani na Impala. Kwenye mafunjo kuna ndege ambao maisha yao yote ni humo. Mafunjo yakichomwa au yakikatwa yakaisha, hawana pa kuhamia. Mashua patana bei kabla ya kukanyaga ndani!

MamaWawili_Kondele:
Asanteni sana. Dunga Jumamosi hii, Kakamega shule zikifungwa. Saiwa naiweka Aprili, nina dada Kitale wa kutulaza. Mwalimu, gambuti zinahitajika msituni?

Mwalimu_Shinyalu:
Viatu vya kufunika mguu vinatosha, ila suruali ziingizwe ndani ya soksi. Siafu wa Kakamega hawana mgeni.

Jamaa_wa_Ahero:
Na soksi ziwe ndefu. Hizi fupi za vijana wa siku hizi ni kuwakaribisha.